Neno "false" mara saba, na mara saba nikaandika "uongo"

Hii kesi ni ya kwangu mwenyewe na kosa nililifanya mimi, kwa hiyo naandika yote bila kujificha. Mi ni mtafsiri wa kujitegemea, Kiingereza kwenda Kiswahili, na kazi nyingi ninazopata ni za afya na mikataba. Ninayoizungumzia hapa ilikuwa kipeperushi cha kurasa mbili kuhusu kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutobolewa kidole, tone la damu, matone ya dawa, halafu unasubiri mistari itokee. Kazi ya jioni moja. Nikamaliza, nikatuma, nikalipwa, nikasahau.

Wiki kadhaa baadaye ikarudi na ujumbe mrefu. Kumbe kipeperushi kilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuja kupima, na sista aliyekuwa anasoma alipofika kwenye sentensi yangu inayosema "Kipimo hiki kinaweza kutoa majibu chanya ya uongo" akasimamishwa na mzee mmoja. Mzee akamwambia, "Hebu rudia hapo mwanangu. Kinatoa majibu ya nini?" Sista akarudia. Mzee akasema, "Sasa kama mnajua kinasema uongo mnatupimia nacho cha nini? Na anayedanganya hapo ni nani, hicho kidude au nyie?" Sista akajibu "Hapana mzee wangu, hakuna anayedanganya," na mzee akamwambia basi karatasi yenu ndo inasema hivyo, siyo mimi. Watu wakacheka, lakini wawili watatu wakachukua vitu vyao wakaondoka bila kupima. Ujumbe ulimalizika kwa upole tu, tunaomba utuangalizie hapo.

Nikiri kwamba nilianza kwa kujitetea. Nilifungua kamusi moja, nikafungua ya pili, zote "false" zimeandika "-a uongo", nikataka kuwajibu kwamba mzee hajaelewa. Bahati nzuri kabla sijatuma nikarudi kwenye faili lenyewe nikatafuta hilo neno limetokea mara ngapi. Mara saba. Na mara zote saba nimeandika uongo. Hapo ndo nikanyamaza, maana sentensi saba tofauti kabisa kujibiwa na neno moja ni dalili kwamba mtafsiri alikuwa hasomi, alikuwa anabandika.

Sababu naijua. Mradi ulikuja na glosari yake, yaani orodha ya maneno na tafsiri zake, ndani ya programu ya kutafsiria, na kwenye glosari kuna mstari umeandikwa "false" upande huu na "uongo" upande ule. Ukiandika kitu kingine programu inakuwekea alama nyekundu, na ukituma kazi ina mistari myekundu mhariri anakurudishia. Kwa hiyo mtu unajifunza kutii. Lakini glosari haikujiandika yenyewe, kuna mtu aliiandika, na mimi nilikuwa na mdomo wa kusema hapa haifai, sikusema.

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe maana humo ndo kesi ilipo.

"False" imetoka kwenye Kilatini "falsus", na hiyo imezaliwa na kitenzi "fallere", kuhadaa. Mpaka hapo utasema basi uongo uko sawa, mzizi wake ni kuhadaa. Lakini angalia umbo lake, "falsus" liliweza kumhusu aliyehadaiwa, yaani aliyekosea kwa nia njema, na liliweza pia kuhusu kitu kinachohadaa, na mtu anayehadaa. Kwa hiyo tangu Roma hilo neno lilikuwa limebeba mtu aliyepitiwa na mtu tapeli kwenye gunia moja, na Kiingereza kikalichukua gunia hivyo hivyo halijafunguliwa. Mwingereza akisema kitu ni "false" hajakuambia bado kama kuna mtu kadanganya. Anakuambia tu kwamba hakilingani na ukweli, mengine utayajua kutokana na maneno yaliyo jirani.

Uongo wa Kiswahili hauko hivyo. Uongo una mwenyewe. Ukisema kuna uongo, msikilizaji anaanza kugeuza shingo kumtafuta mwongo, na ndo mzee alichofanya, alielewa vizuri sana, alielewa nilichoandika. Najua atatokea mtu aseme mbona tunasema "Uongo!" rafiki akitusimulia jambo la kushangaza na hatumaanishi kwamba kadanganya. Kweli, ila hiyo ni ya mshangao na inategemea sauti na sura, kwenye karatasi sura haipo. Jaribu kumwambia mtu mzima katikati ya kikao "hapo umesema uongo" uone. Kama amekosea tu mwaka au jina utamwambia "samahani mzee, nadhani umepitiwa", au "umeghafilika", au "umeteleza kidogo hapo". Tuna maneno kibao ya mtu aliyesema kisicho kweli bila kudanganya, na tunayo kwa sababu tofauti hiyo kwetu ni nzito. Kiingereza kwenye "false" kinaweza kuipita bila kusimama, sisi hatuwezi, lazima uchague upande.

Basi nikazichukua sentensi saba moja moja na kila moja nikaiuliza maswali mawili tu. La kwanza, je kuna mtu anadanganya hapa? La pili, je kitu chenyewe bado ni hicho kitu?

Swali la pili limenisaidia kuliko nilivyotegemea, hebu nilifafanue. Kauli ambayo ni "false" bado ni kauli, haijaacha kuwa kauli. Lakini ndevu ambazo ni "false" si ndevu, ni nywele zimegundishwa. Meno nayo hivyo hivyo, ni meno ya bandia, hayajaota. Halafu kuna mbavu, binadamu ana jozi 12 na Kiingereza kinaziita 7 za juu za kweli na 5 za chini "false", na hizo 5 ni mifupa halisi kabisa, ziko kifuani kwako sasa hivi, kosa lake ni kwamba hazijashika mfupa wa katikati ya kifua moja kwa moja. Hakuna mwongo hapo na hakuna bandia. Ukiandika "mbavu za uongo" kwenye kitabu cha wanafunzi watacheka, na wana haki.

Haya, sentensi ya mzee. "False positive". Kuna mtu anadanganya? Hapana. Kitu chenyewe ni hicho? Ndiyo, mstari umetokea kweli, jibu ni chanya kweli, ila kwenye mwili wa mtu ugonjwa haupo. Yaani kasoro haiko kwenye mstari wala haiko kwa sista, iko kati ya mstari na mwili. Na sababu zake zinajulikana. Vipimo vingi vya aina hii havitafuti mdudu mwenyewe, vinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, inaitwa HRP2, na hiyo protini inaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dawa na kupona. Kwa hiyo kipimo kikionyesha mstari kimeona kweli kile kilichoundwa kukiona, kimeona alama za miguu za mtu aliyeshaondoka. Utakiitaje cha uongo?

Na hata pasipokuwa na protini iliyobaki, hesabu yenyewe inazalisha majibu ya namna hii bila mtu kufanya kosa lolote. Chukua mfano wa kufikirika tu, watu 1,000 wanapimwa, wenye ugonjwa ni 10, kipimo kinawanasa wote 10, lakini kwa wasio na ugonjwa kinakosea 5 katika kila 100. Wasio wagonjwa ni 990, asilimia 5 yao ni kama 50. Kwa hiyo watakaoambiwa "chanya" ni kama 60 na 50 kati yao ni wazima. Mtu akiona hiyo 50 kwa 10 atasema kipimo kimejaa udanganyifu, wakati kipimo kimefanya kile kile kilichoahidiwa kwenye boksi, ni kwamba wazima walikuwa wengi mno kuliko wagonjwa. Nilimwandikia aliyenipa kazi hesabu hii na nadhani ndo iliyomfanya akubali kubadilisha glosari, maana mwanzoni alikuwa anasema tubadilishe sentensi moja tu.

Mtafsiri mwenzangu akanishauri, andika "chanya feki" au "chanya bandia", fupi na vijana wanaelewa. Nikamwambia hapo ndo tunaharibu zaidi. Majibu feki kwa Kiswahili cha sasa ni yale mtu amelipia akachapishiwa karatasi bila kupimwa. Feki ina mtengenezaji, tena mtengenezaji anayekula hela. Kiingereza chenyewe kinazitenganisha, jibu ambalo ni "fake" na jibu ambalo ni "false" ni vitu viwili, la kwanza unaita polisi, la pili unarudia kupima.

Nilichoishia kuandika ni hiki, "Mara chache kipimo kinaweza kuonyesha una malaria wakati huna." Ndefu kuliko Kiingereza, haina kivumishi hata kimoja cha kushika nafasi ya "false", na ndo inayofaa. Pale kwenye jedwali ambapo nafasi ni ndogo nikaweka "chanya isiyo sahihi". (Na hilo neno chanya lina matatizo yake, mtu anasikia chanya anadhani kaambiwa habari njema, ila hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Ya pili, "false negative", ikafuata mkondo huo huo, "kinaweza kuonyesha huna malaria wakati unayo". Hapa sababu ni kwamba wadudu ni wachache mno kwenye damu, au wameingia aina ambao hawatengenezi kabisa ile protini, na hiyo si hadithi, wadudu waliopoteza jeni ya HRP2 waliripotiwa Peru mwaka 2010 na baadaye wakaonekana kwingine, Eritrea ikiwemo. Mdudu yupo, homa ipo, kipimo kimekaa kimya. Kimya si uongo. Pembeni kidogo, karatasi ilikuwa pia na neno "invalid", lile la mstari wa udhibiti (ule unaoonyesha kipimo chenyewe kimefanya kazi) usipotokea, nalo niliona mtu mwingine kaliandika "majibu ya uongo" kwenye karatasi nyingine. Hilo ni batili, jamani. Batili maana yake hakuna jibu kabisa, pima upya na kipimo kingine.

Ya tatu ndo niliyoipenda kuliko zote. Sentensi ilisema jibu hasi lisikupe "a false sense of security". Mimi nilikuwa nimeandika, aibu hii, "hisia ya uongo ya usalama". Soma tena hiyo kitu. Ni maneno ya Kiswahili lakini hakuna Mswahili aliyewahi kuyasema. Nikajiuliza mama yangu angelisema vipi, na jibu likaja na kitenzi, "usije ukajiona uko salama kumbe haupo". Kumbe! Hilo neno dogo lina kazi yote ya "false" ndani yake, linasema kulikuwa na dhana, dhana haikuwa kweli, na sasa imefichuka, na halimlaumu mtu. Hata kudhani kwenyewe, ukisema "nilidhani umeondoka" kila mtu anajua hukuondoka, huhitaji kuongeza kivumishi chochote.

Nikaanza kuona kwamba Kiswahili kisicho kweli hatukiweki sana kwenye vivumishi, tunakitawanya. Kipo kwenye kumbe, kipo kwenye eti, ambayo ukisema "eti ni daktari" umeshamvua koti. Kipo kwenye kujifanya na kujidai, kwa hiyo unyenyekevu wa "false modesty" ni mtu anayejifanya mnyenyekevu, basi. Kipo kwenye kusingizia na kuzulia, na hapa nasema wazi Kiingereza kinatuonea wivu, maana wao mara nyingi wanahitaji maneno mawili kusema mtu kashtakiwa kwa jambo ambalo hakufanya, sisi tunasema kasingiziwa, limekwisha, na mwongo yumo ndani ya kitenzi. Mtafsiri anayekaa kutafuta kivumishi mbele ya kila "false" anatafuta samaki juu ya mnazi.

Ya nne ndo ilituletea ubishi. "Do not give false information", mgonjwa asitoe taarifa ambazo ni "false" kuhusu dawa alizokwisha tumia. Hapa nilisema haya, hatimaye tumefika kwenye uongo wenyewe, kuna mtu na kuna mdomo. Kisha nikakumbuka kazi za mikataba. Kwenye sheria za Uingereza kuna kesi maarufu ya mwaka 1889, Derry dhidi ya Peek. Kampuni ya tramu kule Plymouth ilitoa tangazo la kuuza hisa ikisema ina haki ya kuendesha tramu kwa mvuke. Ukweli ni kwamba ilihitaji kwanza idhini ya Board of Trade, idara ya serikali, na idhini ikaja kukataliwa kwa sehemu kubwa ya njia, kampuni ikafa, Peek aliyenunua hisa akashtaki kwamba amedanganywa. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, ikasema kauli haikuwa kweli, lakini wakurugenzi waliiamini walipoitoa, na mtu anayeamini anachosema hajafanya udanganyifu hata kama amekosea. Yaani "false" ndiyo, udanganyifu hapana. Ni mzee wangu na sista hao hao, ila wamevaa mawigi.

Na zaidi ya miaka 100 baadaye bado neno halikuaminika kusimama peke yake. Sheria ya Uingereza ya ulaghai ya mwaka 2006 ilipofika kwenye kauli ambayo ni "false" ilibidi isimame ieleze, kwamba kauli ni hivyo pale ambapo si ya kweli au inapotosha, na pia anayeitoa anajua kwamba iko hivyo au huenda iko hivyo. Vigezo viwili, ukweli wa kauli na kichwa cha msemaji. Waandishi wa sheria wenye lugha yao wenyewe wameona neno halitoshi, mimi nikalitosheleza kwa glosari ya mstari mmoja.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Mtu aliyemeza dawa ya malaria wiki tatu zilizopita akasahau, au hajui ile dawa aliyopewa ilikuwa ya nini, akiulizwa atasema sijatumia. Taarifa si ya kweli, yeye si mwongo. Na ukikumbuka ile protini inayobaki, huyo aliyesahau ndo hasa kipeperushi kinamhitaji aseme. Ukimwandikia "usiseme uongo" umemkosa, maana anajijua hasemi uongo, sentensi itampita kama inaongelea watu wengine. Nikapendekeza "Taja dawa zote za malaria ulizotumia karibuni, hata kama hukumbuki jina". Wenye kazi wakasema hapana, hiyo umeandika upya, onyo lazima libaki onyo. Tukavutana siku mbili kwenye meseji. Mwisho ikatoka "Usitoe taarifa zisizo za kweli kuhusu dawa ulizotumia", ambayo naiona imepoa lakini angalau haimwiti mtu mwongo kabla hajafungua mdomo. Bado naamini ya kwangu ilikuwa bora.

Ya tano haikuwa na ubishi, maboksi yenye lebo ambazo ni "false". Hapa tapeli yupo kamili, amekaa na stika zake. Ila hata hapa kuna mtego, mhariri alitaka "jihadhari na vipimo feki" na si hivyo, kipimo kinaweza kuwa halisi kabisa kutoka kiwandani ila kimeisha muda na mtu kabandika tarehe nyingine juu. Kipimo ni chenyewe, lebo ndo imeghushiwa. "Lebo za kughushi." Swali la pili liliniokoa.

Ya sita ilisema homa isichukuliwe kama "a false alarm" kwa sababu tu kipimo kimesema hapana. Nikaandika "usidhani homa hiyo ni ya bure". Neno bure nalo ni la kwetu kwelikweli, tumekurupuka bure, tumetishika bure. Na hapa nikagundua kuna ukoo mzima wa "false" ambao maana yake ni kitu kilichojitokeza kabla ya wakati wake au kilichokuja kisifike. Mwanariadha anayechomoka kabla ya bastola Kiingereza kinamwita amefanya "false start", ndivyo Usain Bolt alivyotolewa fainali ya mita 100 kule Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011, na hakuna aliyesema Bolt kadanganya, alitangulia tu. Kwetu ni kuanza kabla ya mlio.

Lakini ukoo huo huo ukanipa mifano inayonipinga na siwezi kuificha. Wakunga wanasema "uchungu wa uongo" kwa mama ambaye tumbo linakaza halafu linaachia na mtoto haji. Na wanaosoma elimu ya saumu wanaijua alfajiri ya uongo, ule mwanga unaosimama wima mbinguni kabla ya alfajiri ya kweli, jina ambalo Waarabu nao wanaliita hivyo hivyo. Huu ni uongo na hakuna mwongo, na Kiswahili kimekaa vizuri tu, hakuna anayegeuza shingo. Nilihangaika na hili kwa muda, kwa nini alfajiri inaruhusiwa kuwa ya uongo na kipimo hakiruhusiwi?

Jibu nililofikia ni kwamba mbingu hazina wa kumshika shati. Uchungu nao uko ndani ya mwili wa mama mwenyewe, amwulize nani? Kwa hiyo masikio yanaichukua kama sitiari, mwanga unafanana na wenyewe mpaka unakudanganya, tunacheka tunaendelea. Kipimo kimeshikwa na mtu. Kuna sista ana glovu, kuna daktari nyuma ya mlango, kuna aliyekileta na aliyekinunua, na uongo ukitajwa mbele ya watu wote hao unajitafutia mwenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba uongo lazima uwe na nia, ni kwamba uongo ukikuta mtu jirani unamrukia. Hilo sikulijua kabla ya mzee.

Ya saba ilikuwa chemsha bongo mwishoni, "true" au "false". Kweli au si kweli. Ukiandika UONGO kwa herufi kubwa pembeni ya jibu la mtu mzima unajua mwenyewe.

Kuna maana moja ambayo haikuwemo kwenye karatasi ila naiongeza maana wengi wanakutana nayo kwenye riwaya na tamthilia, "false" ya mtu asiye mwaminifu. Othello wa Shakespeare anapomwita Desdemona hivyo hasemi kwamba mke wake ni bandia wala kwamba kakosea tarehe, anasema amemsaliti, na kwamba yeye Othello ndo aliyepitiwa ni jambo jingine. Hapo Kiswahili kina msaliti, kina mzandiki, kina mnafiki, chagua kulingana na kilichofanyika. Na "false friend" ya watafsiri, neno la lugha moja linalofanana na la lugha nyingine kwa sura na kutofautiana kwa maana, si mnafiki hata kidogo, yule ni mgeni tu aliyefanana na ndugu yako.

Kipeperushi kilitoka upya. Niliambiwa sista yule yule alikisoma na mzee safari hii hakuwepo, kwa hiyo sina ushahidi kwamba angeridhika, ila kwenye ile sentensi hakuna aliyesimamisha. Sikulipwa kwa marudio na sikudai.

Kuhusu glosari, walinitumia ujumbe nipendekeze neno jipya la kuweka badala ya "uongo". Nikawaandikia aya mbili. Wakanijibu kwamba kile kisanduku kinapokea neno moja, mwisho herufi thelathini, na hakikubali kubaki kitupu. Nikaandika "angalia sentensi". Sasa kila "false" ikitokea kwenye mradi ule programu inamwekea mtafsiri alama nyekundu kwa sababu hajaandika "angalia sentensi", na juzi kuna mmoja kaandika.